Rossini alitungaje opera 39, na kwa nini aliacha akiwa na miaka 37?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nimesoma kwamba Gioachino Rossini alitunga Il barbiere di Siviglia, yaani Kinyozi wa Seville, kwa muda usiofika wiki tatu. Kwamba alifikisha opera karibu 40 kabla ya kutimiza miaka 38. Kisha akaacha ghafla na kuishi karibu miaka 40 mingine akila na kunywa tu. Mimi kupanga wimbo mmoja wa sauti nne hunichukua wiki nzima. Habari hizi ni za kweli? Kama ni kweli, aliwezaje, na kwa nini aliacha? Na je, kuna kazi yake ambayo kwaya isiyo na okestra inaweza kuimba?

JIBU: Mwalimu, hesabu yako iko sawa. Opera ni 39. Ya kwanza kupanda jukwaani ni La cambiale di matrimonio, mjini Venice, tarehe 3 Novemba 1810, Rossini akiwa na miaka 18. Ya mwisho ni Guillaume Tell, mjini Paris, tarehe 3 Agosti 1829, akiwa na miaka 37. Alifariki tarehe 13 Novemba 1868. Kisichokaa sawa ni lile neno "ghafla", na hilo la kula na kunywa nalo lina walakini.

Zipange opera hizo mwaka kwa mwaka, utaona mwendo wa kasi uliisha mwaka 1823, miaka sita kabla ya Tell. Opera 34 alikuwa ameshazitunga kabla ya kuhama Italia. Zilizobaki ni tano za Paris, na hata hizo zichambue: Le siège de Corinthe (1826) na Moïse et Pharaon (1827) ni opera zake za zamani alizozifumua na kuzishona upya kwa Kifaransa, na Le comte Ory (1828) karibu nusu yake imetoka katika Il viaggio a Reims (1825). Kazi mpya kabisa ni Il viaggio na Tell, basi. Mtu huyo huyo mwaka 1812 peke yake alikuwa na opera sita mpya jukwaani, moja tu kati ya hizo akiwa ameitunga zamani.

Kwa hiyo maswali yako mawili yana jibu moja. Kasi ile ilikuwa kasi ya karakana, na karakana yenyewe ilikuwa jumba la opera la Italia la miaka ya 1810. Kipaji alikuwa nacho, tena kikubwa, lakini nje ya karakana ile kipaji hicho hicho kilitembea kwa mwendo wa kawaida.

Alizaliwa Pesaro, mji wa pwani ya Adriatiki, tarehe 29 Februari 1792. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mpiga tarumbeta na honi. Mama yake, Anna, aliimba katika opera. Mtoto alikulia nyuma ya mapazia. Akiwa na miaka 12 alitunga sonata sita za fidla mbili, chelo na besi. Mwaka 1806 aliingia chuo cha muziki cha Bologna, akafundishwa kanuni za kuunganisha sauti na Padre Stanislao Mattei, na kwa jinsi alivyowapenda Haydn na Mozart akapewa jina la utani, "Mjerumani mdogo". Wakati bado ni mwanafunzi alikuwa akipata riziki kwa kupiga chembalo, kile kinanda cha zamani cha nyuzi, katika mazoezi ya waimbaji. Alipopewa opera ya kwanza alikuwa ameshajua kwa masikio yake ni wapi watu hupiga makofi na ni wapi huanza kupiga soga.

Sasa tazama karakana ilivyoendeshwa. Mwaka wa opera Italia uligawanyika kwa misimu, na mkubwa kuliko yote ulikuwa msimu wa karnivali, ulioanza tarehe 26 Desemba na kuishia Kwaresima inapoingia. Mwenye kuendesha msimu aliitwa impresario. Ndiye aliyekodi jumba, aliyeajiri waimbaji wa msimu mzima, kisha akamtafuta mtunzi wa kuwapa kitu kipya cha kuimba. Zingatia mpangilio huo: waimbaji kwanza, mtunzi baadaye, na maneno ya opera mara nyingi mwisho kabisa.

Mkataba wa Kinyozi ulitiwa saini Roma tarehe 15 Desemba 1815, kati ya Rossini na Duke Francesco Sforza-Cesarini wa Teatro Argentina. Rossini alikubali kutunga opera ya kuchekesha kwa maneno yoyote atakayopewa, mapya au ya zamani. Kuupima muziki kwa sauti za waimbaji waliopo na kuubadilisha pale itakapobidi. Na kuongoza mwenyewe akiwa kwenye chembalo katika maonyesho matatu ya kwanza. Malipo: skudo 400. Mwimbaji wa tenor, Manuel García, alilipwa 1,200. Hapo unaona nani alikuwa bidhaa na nani alikuwa fundi cherehani. Tena mtunzi alilipwa mara moja tu. Opera ikivuma na kupigwa katika miji mingine ishirini, yeye haoni senti. Ili aishi, ilimbidi aingie mkataba mwingine mara moja.

Mwandishi wa maneno, Cesare Sterbini, alianza kazi katikati ya Januari 1816 na kumaliza mwishoni mwa mwezi. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 20 Februari. Toa siku za mazoezi, na zile "wiki tatu" zinajieleza zenyewe: muda zaidi ya huo haukuwepo.

Aliwezaje? Hapa ndipo penye utamu wa ufundi, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Jambo la kwanza, hakuandika kila noti kwa mfululizo kutoka juu ya ukurasa hadi chini. Alichora kwanza mifupa: mstari wa mwimbaji wenye maneno yote, mstari wa besi, na vipande vya ala pale tu ambapo ala ndiyo yenye wimbo, mathalani klarineti inayofungua aria, yaani wimbo wa mtu mmoja, au fidla zinazokimbia chini ya mazungumzo. Mistari mingine aliiacha mitupu. Karatasi zikaenda kwa wanakili wa jumba, wakatoa sehemu ya kila mwimbaji, na mazoezi yakaanza kwa chembalo. Waimbaji wakiwa wanakariri, karatasi zilirudi kwake naye akajaza nyama: filimbi, oboe, honi, tarumbeta, ngoma. Kazi mbili zilikwenda kwa wakati mmoja. Kuna faida nyingine iliyojificha humo. Alipofika kwenye kujaza ala alikuwa ameshawasikia waimbaji wakiimba, akajua nani ana sauti nyembamba ya kumezwa na honi na nani anaweza kushindana nazo.

Jambo la pili, hakuandika yote yeye. Katikati ya nyimbo za opera ya kuchekesha kuna maongezi ya kuimba yanayosindikizwa na chembalo peke yake, yaitwayo resitativo. Hayo alikuwa tayari kumwachia mtu mwingine. Katika La Cenerentola, iliyoonyeshwa Teatro Valle ya Roma tarehe 25 Januari 1817, Luca Agolini ndiye aliyeandika resitativo zote za namna hiyo pamoja na nyimbo tatu. Mwaka 1821, Matilde di Shabran ilipochelewa, aliitwa Giovanni Pacini asaidie. Hakuna aliyeona aibu. Jumba lilitaka pazia lifunguke kwa siku iliyotangazwa.

Jambo la tatu ni viunzi. Kila namna ya wimbo ilikuwa na umbo ambalo mtunzi, mwandishi wa maneno na waimbaji wote walilijua. Aria kubwa huanza kwa maneno ya kuimba yenye mwendo huru. Hufuata sehemu ya polepole ya kuonyesha uzuri wa sauti. Kisha tukio la kukatiza, kama barua kuletwa au kwaya kuingia na habari. Mwisho kabaletta, wimbo wa haraka unaoimbwa mara mbili ili safari ya pili mwimbaji aupambe apendavyo. Wimbo wa watu wawili una hatua nne zinazofanana na hizo. Fainali ya tendo la kwanza nayo ina desturi yake: vurugu inapanda, jambo la kushangaza linatokea, wote wanaganda na kuimba polepole kama waliopigwa na butwaa, kisha butwaa linavunjika na mwendo unakwenda mbio mpaka pazia. Umbo likiwa limeshakatwa, kilichobaki kwa Rossini ni kupata wimbo wenyewe, na wimbo hakuwahi kuukosa.

Kiunzi maarufu kuliko vyote ni kreshendo yake, na kwa kuwa wewe ni mwalimu wa kwaya, itakufaa. Chukua fungu la vipimo 4 au 8, lenye wimbo mfupi sana, kodi zikiyumba kati ya ya kwanza na ya tano tu. Lipige mara tatu. Mara ya kwanza ni nyuzi peke yake, kwa sauti ya kunong'ona; katika aria ya "La calunnia", ile ya uvumi unaoanza kama upepo na kuishia kama mzinga, fidla huambiwa zipitishe upinde karibu kabisa na daraja ili sauti iwe kavu kama mkwaruzo. Mara ya pili ala za kupuliza zinaingia na wimbo unapanda juu. Mara ya tatu okestra nzima imo, ngoma nayo. Siri yake ni kwamba ukubwa unaletwa na watu wanaoongezeka. Anayecheza tangu mwanzo halazimiki kupaza sana.

Kreshendo hii huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuanza kwa sauti ya kati: ukifika mara ya tatu huna pa kwenda. Ya pili, inayotokea hata kwa okestra nzuri, ni kukimbia. Sauti ikikua miguu nayo hutaka kukimbia, na mwendo ukikimbia mkandamizo wote unavuja. Msisimko wa Rossini unatokana na saa isiyobadilika huku chumba kikizidi kujaa. Kwa kwaya, jaribu kuanza na waimbaji wawili kwa kila sauti, ongeza wawili wawili katika kila rudio, na wewe mwenyewe usibadilishe mkono hata kidogo.

Jambo la nne ndilo watu hulionea haya, nalo ni kujikopa. Muziki wa ufunguzi wa Kinyozi, unaotufanya tuone kinyozi mchangamfu kabla hajatokea, ulitungwa kwa ajili ya Aureliano in Palmira, opera nzito ya mfalme wa Kirumi, iliyoonyeshwa katika jumba la La Scala, Milan, mwezi Desemba 1813. Mwaka 1815 ulifungua Elisabetta, regina d'Inghilterra mjini Napoli. Mwaka 1816 ukatua Roma. Wimbo wa asubuhi wa Almaviva, mhusika mmoja wa Kinyozi, "Ecco ridente in cielo", nao ulikuwa kwanza wa kwaya katika Aureliano. Muziki wa dhoruba wa tendo la pili ulitoka La pietra del paragone ya 1812. Mwaka uliofuata, aria ya mwisho ya García katika Kinyozi ikawa wimbo wa kufungia La Cenerentola, na muziki wa ufunguzi wa Cenerentola ulitoka La gazzetta ya Napoli.

Usimhukumu kwa haraka. Hakukuwa na kinasa sauti, na noti zilizochapishwa zilikuwa chache. Mtu wa Roma hakuwa na njia ya kujua kilichoimbwa Milan miaka miwili nyuma. Opera isiyopendwa ilikufa, na muziki wake ulikufa nayo. Rossini alikuwa akiokoa mbao nzuri kutoka kwenye nyumba iliyobomoka. Kwa kawaida aliichagua vizuri, tena aliipiga randa upya: alibadilisha ala, alipandisha au kushusha sauti, alirefusha miisho. Alipovuka mpaka ni mwaka 1819 na Eduardo e Cristina ya Venice, ambayo karibu yote ni viraka vya opera zake tatu nyingine. Hapo, kwa maoni yangu, aliuza mtumba kwa bei ya nguo mpya.

Na karakana ikienda kasi hivyo, ajali hazikosi. Usiku wa kwanza wa Kinyozi ulikuwa fedheha. Hadithi hiyo ilikuwa imeshatungiwa muziki na Giovanni Paisiello mwaka 1782, mzee bado alikuwa hai, na ingawa Rossini aliiita opera yake Almaviva kwa heshima, mashabiki wa mzee walikuja kuzomea. Mwimbaji aliyecheza kama Basilio alijikwaa akaimba huku akitokwa damu puani, na paka akajitokeza jukwaani. Usiku wa pili Rossini alibaki nyumbani, mkataba au hakuna mkataba. Usiku huo opera ikashangiliwa. Watu husema umma ulibadili nia. Mimi nasema pia kwamba waimbaji waliokuwa na mazoezi ya siku chache walikuwa sasa wamepata zoezi moja zaidi, mbele ya watu.

Kabla ya kufika Paris, Napoli inahitaji neno. Kuanzia 1815 alikuwa na mkataba na Domenico Barbaja, impresario aliyeendesha majumba ya kifalme ya huko pamoja na meza za kamari zilizokuwa ndani yake. Rossini alipata mshahara na fungu katika mapato ya kamari. Kazi ilikuwa opera mbili kwa mwaka, kwa okestra bora na waimbaji wa kudumu. Aliandika huko opera nzito tisa, na katika zote tisa mwanamke mkuu alikuwa Isabella Colbran, Mhispania, aliyemwoa mwezi Machi 1822. Chembalo iliondolewa, maongezi yote yakasindikizwa na okestra. Alianza kuvivunja viunzi vyake mwenyewe: tendo la tatu la Otello (1816) linakwenda karibu kama kitu kimoja, na Ermione (1819) ilikuwa ngeni mno kwa wasikilizaji wa siku zile hata ikaanguka. Kadiri alivyofikiri zaidi, ndivyo alivyotumia muda zaidi. Semiramide, ya mwisho kwa Italia, iliyofunguliwa katika jumba la La Fenice, Venice, tarehe 3 Februari 1823, ilimchukua siku 33. Kwako na kwangu ni chache. Kwake zilikuwa nyingi.

Paris ilikuwa biashara ya namna nyingine. Alihamia huko 1824, akapewa usimamizi wa Théâtre-Italien. Opera ya serikali ya Ufaransa ilikuwa na fedha, kwaya kubwa, wacheza dansi, mafundi wa jukwaa, na mazoezi ya miezi badala ya siku. Guillaume Tell ilimchukua miezi. Ina matendo manne na muziki wa karibu saa nne. Ufunguzi wake peke yake una sehemu nne na huanza kwa chelo tano zinazoimba zikisindikizwa na besi. Humo hakuna kiunzi cha kuazima kwa usiku mmoja. Mwaka 1829 serikali ya Mfalme Charles X ilimpa mkataba: opera tano kwa miaka kumi, faranga 15,000 kwa kila moja, pamoja na posho ya faranga 6,000 kwa mwaka maisha yake yote. Kwa hiyo alipomaliza Tell hakuwa amekusudia kustaafu. Alikuwa na nne za kuandika, akaenda Bologna kusubiri libreto, yaani maneno ya opera.

Kisha yakaja mambo manne, moja juu ya jingine.

Julai 1830 mapinduzi yalimwondoa Charles X. Serikali mpya ilifuta mkataba. Rossini alirudi Paris kudai posho yake mahakamani, na kesi ikachukua miaka kadhaa kabla ya kushinda. Mtu anayedai haki kwa serikali haandikii jumba la serikali hiyo hiyo.

La pili ni afya. Alikuwa na maradhi ya njia ya mkojo yaliyotokana na ugonjwa wa zinaa, na tiba za wakati ule, za kupitisha mipira mara kwa mara, zilimuumiza kuliko ugonjwa. Mwaka 1843 alisafiri hadi Paris kutibiwa na daktari bingwa wa mambo hayo, Jean Civiale. Juu yake kukaja kukosa usingizi na huzuni nzito iliyofikia kumtamanisha kifo. Mama yake, aliyempenda kuliko mtu yeyote, alikuwa amefariki 1827. Ndoa na Colbran ilivunjika, wakaachana rasmi 1837. Aliyemuuguza tangu miaka ya 1830 ni Olympe Pélissier, akamwoa 1846, mwaka mmoja baada ya Colbran kufariki. Anayesema alikuwa mvivu wa kula tu na asome barua za miaka hiyo.

La tatu, sauti zilibadilika. Rossini aliandika kwa waimbaji waliopanda juu kwa wepesi na kupamba kwa noti ndogondogo. Katika Tell, tenor Adolphe Nourrit aliimba noti za juu hivyo. Mwaka 1837 Gilbert Duprez aliimba sehemu hiyo hiyo Paris na kuitoa do ya juu kwa nguvu ya kifua. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe, na kutoka hapo hawakutaka tena namna ya zamani. Rossini aliifananisha sauti hiyo na mlio wa jogoo anayechinjwa. Cheka, lakini ndani yake kuna fundi anayeona kitambaa alichozoea kukishona hakipatikani tena sokoni.

La nne ni rahisi: hakuhitaji fedha. Alikuwa ameweka akiba na kuiwekeza vizuri. Kilichomsukuma kuandika opera sita kwa mwaka kilikuwa kimekwisha.

Je, aliacha muziki? Hapana. Mwaka 1832 alianza Stabat Mater, akaugua mgongo akiwa ameandika sehemu sita kati ya 12, nyingine akamwachia Giovanni Tadolini, kwa mazoea yale yale ya karakana. Kazi ilipotishiwa kuchapishwa na watu wengine akaimaliza mwenyewe, ikaimbwa nzima Paris mwezi Januari 1842. Baada ya 1855, alipohamia tena Paris, afya ilirejea, akaandika vipande zaidi ya 100 alivyoviita Dhambi za Uzeeni, vingi kwa piano, akavipiga nyumbani kwake jioni za Jumamosi mbele ya wageni na kukataa kuvichapisha.

Sasa kwaya yako. Ningekupa ngazi tatu.

Ya kwanza ni sala ya Musa, "Dal tuo stellato soglio", aliyoiongeza 1819 katika Mosè in Egitto. Besi, tenor na soprano kila mmoja ana ubeti wake, kwaya inaitikia, kisha mwisho wimbo unatoka ufunguo wa sol ndogo (minor) na kuingia sol kubwa (major). Kwaya za kanisani zinajua kuitikia, kwa hiyo nusu ya kazi mnayo. Kosa la kawaida ni kuanza kupaza sauti kabla ya mgeuko huo. Subirini mpaka uwe umefika. Vinubi vya okestra piano inavimudu.

Ya pili ni nyimbo tatu za dini za 1844, Imani, Tumaini na Upendo, kwa sauti za wanawake na piano. Hizi ni za kiasi.

Ya tatu ni Petite messe solennelle, aliyoitunga 1863 na ikaimbwa mara ya kwanza tarehe 14 Machi 1864 katika nyumba ya Pillet-Will, Paris. Aliitaka kwa waimbaji 12 tu, wanne wa kuimba peke yao na wanane wa kwaya, pamoja na piano mbili na hamonia, kinanda cha upepo. Piano ya pili kazi yake hasa ni kuitia nguvu ya kwanza, hivyo wengi hutumia moja. Baadaye aliandikia okestra, ila toleo la nyumbani ndilo linalokufaa. Ni zaidi ya saa moja ya muziki, usiianze yote. Fugue ya "Cum Sancto Spiritu", yaani wimbo ambao sauti huingia moja baada ya nyingine zikifuatana, inataka miezi, na pumzi hukatika kwa sababu waimbaji huanza kwa nguvu zote ilhali kuna kurasa nyingi mbele. Noti za zamani ziko huru kunakiliwa; matoleo mapya yaliyohaririwa na wataalamu yana hakimiliki, yaulizie kwanza.

Anza na Kyrie. Mkono wa piano unarukaruka kwa noti fupi huku kwaya ikiimba kwa upole juu yake, na kazi yako ni kuwazuia waimbaji wasiige ule mruko. Katikati piano inanyamaza na "Christe" inaimbwa kwa sauti tupu, kwa mtindo wa karne za nyuma. Ni mahali pazuri pa kupima kama kwaya inashika ufunguo: piano ikirudi mtajua mmeshuka kiasi gani. Hicho kipande cha "Christe" si chake. Alikichukua katika misa ya Louis Niedermeyer, rafiki yake aliyekuwa amefariki 1861.